Jina Langu Kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Nakumbuka Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, katikati ya miaka ya tisini, theluji ya Richfield, Minnesota, imeshageuka tope la kijivu, nami nimevaa viatu vyangu vya heshima kwenda kukaa nyuma ya darasa la shule ya msingi. Hivyo ndivyo nilivyoagizwa: nikae nyuma. Ningekaa nyuma kweli, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia, na wewe usingekuwa umenikodolea macho hivyo ukisubiri fomu yako.

Najua una haraka. Unataka kusoma sayansi ya siasa na utawala kama nilivyosoma mimi, na chuo kinataka mtu mzima anayekujua athibitishe uliyoyaandika. "Auntie, sign tu hapo chini," umeniambia, na kidole chako tayari kiko kwenye mstari. Mimi nikatafuta miwani, wewe ukahema. Hema tu, mama. Bibi yako, aliyemzaa mama yako Njeri, ndiye aliyenifundisha kuchelewa namna hii, na alinifundisha kwa ukali hata nikalia.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi yako, nikimwita Auntie kama wasichana wote tuliopita mikononi mwake. Yeye alikuwa nesi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Mkikuyu mwenye Kiswahili kilichonichekesha, naye alisema changu cha Kondoa kinamchosha, eti kabla sijaomba chumvi lazima kwanza nimshukuru Mungu kwa sahani. Mama yako alikuwa na miaka sita, akitusikiliza sote wawili na kutujibu kwa Kiingereza.

Na nilikuwa na kiburi, nisikufiche. Nilikuwa nimesoma katiba za nchi ambazo sijawahi kuziona kwenye ramani. Ukisimama nami kituo cha basi dakika tano, utaondoka unajua mgawanyo wa madaraka, upende usipende. Nyumbani Tanzania baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nilikua nikimwona akiketi mbele kwenye kila mkutano, daftari mapajani. Siasa niliiona ni mali ya ukoo.

Sasa, Minnesota vyama vina mikutano wanayoiita kokasi. Jioni moja majirani wa mtaa mmoja wa kupigia kura wanakutana, mara nyingi darasani, wanapendekeza maazimio na kuchagua wajumbe wa kwenda mkutano wa juu. Mwalimu wetu wa siasa za majimbo alitupa kazi: nendeni kwenye kokasi ya mtaa wenu, kaeni nyuma, tazameni, mrudi na kurasa nane. Wageni alituita pembeni na kutukumbusha kwamba sisi ni watazamaji tu. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye akili.

Mlangoni palikuwa na meza, karatasi na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti wa mtaa, bibi mmoja mstaafu aliyeitwa Margaret, sweta lake limeshonewa ndege wekundu. Akanisukumia kalamu kwa tabasamu. Mwanangu, kwetu huingii mkutanoni bila kuandika jina. Iwe kamati ya shule, iwe kisima, iwe msiba, kuna daftari la mahudhurio, na asiyeandika ni kama amekuja kupeleleza. Nikaandika jina langu kamili, la baba na la babu, mwandiko wa kupendeza, nikaweka saini. Juu ya karatasi palikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Sikuisoma. Nani anasoma daftari la mahudhurio?

Nikaona kiti mstari wa mbele. Mgeni anakaa mbele, nikakaa.

Mambo yaliendelea taratibu mpaka mzee mmoja alipopendekeza azimio la kujengewa kibanda kwenye kituo chetu cha basi. Kituo chenyewe kilikuwa nguzo tu na upepo, na mimi ndiye niliyesimama pale kila asubuhi Januari nzima, kope zikiganda. Wengine wakabisha kwamba watu wana magari. Nilisimama. Nilizungumza kama baba yangu, mkono mmoja nyuma. Niliwaeleza kope zangu. Wakacheka, wakapiga makofi, na walipoambiwa wanyooshe mikono, wangu ulikuwa juu kabla ya wa mwenye hoja. Tisa wakakubali, wanane wakakataa. Kibanda kimepita.

Kisha wakatafuta wajumbe. Walitakiwa wanne, wakapatikana watatu, wa nne hataki mtu. Bi Margaret akatazama huku na huku. "Na huyu binti aliyeongea vizuri?" Hapo ndipo ningesema, jamani, mimi ni mwanafunzi wa kigeni. Maneno yalifika kooni. Makofi yakaanza, nikayameza. Nilirudi nyumbani na nakala ya ile karatasi ya mahudhurio aliyonitolea Bi Margaret, mimi mjumbe mteule, na kabla sijalala nilimwandikia baba: Nimechaguliwa mjumbe Marekani. Asubuhi nikaitumbukiza barua kwenye sanduku la posta la kona, hata mswaki sijapiga.

Bibi yako alirudi kazini saa moja na nusu, koti bado mwilini, nikamwekea ile nakala mezani karibu na chai yake. Nilitegemea kigelegele. Alisoma kuanzia juu, kama alivyosoma kila kitu, hata karatasi za dawa za watu wengine.

"Zuhura, wewe uli-sign hii?"

"Ndiyo, Auntie. Ni mahudhurio tu."

"Mahudhurio ya nani? Soma hapa. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Mistari ile miwili ilisema kwamba kila aliyetia saini anathibitisha ni raia mwenye haki ya kupiga kura katika uchaguzi ujao. Sauti yangu ilikatika kwenye neno raia.

"Mimi nina-apply citizenship sasa hivi," akasema. "Kwa ile form kuna swali: umewahi kusema wewe ni citizen na wewe si citizen? Watu wanarudishwa kwao kwa hilo swali, unanisikia? Na masomo yako yaishe hapo. Miaka mitatu unasomea politics, unanihubiria mpaka nikiosha vyombo, na line mbili zimekushinda?"

Nililia. Nikamwambia kwamba sitakwenda huo mkutano wa juu, nitasema naumwa, watu watasahau. Karatasi moja ya darasani, nani ataitafuta?

Alivua koti kwa mara ya kwanza, akakaa mbele yangu, na ukali ukapungua. "Wewe utasahau, hao watu watasahau. Hiyo karatasi itakaa tu kwa file ya mtu. Siku watakuuliza, utasema no, na itakuwa uongo wa pili, huo sasa wa kujua. Na uki-say yes, watauliza ulifanya nini ulipojua. Utawaambia ulienda kulala?"

Nikamwonyesha anwani ya mwenyekiti chini ya karatasi. Akavaa koti tena. Alikuwa amesimama usiku kucha akigeuza wazee vitandani, na bado alikwenda kuwasha gari.

Njiani, kwa mawazo, nilimwona baba akisoma barua yangu kwa majirani, kisha nikajiona nashuka kwenye ndege na sanduku moja, bila shahada, nikieleza kila mtu kwamba nilifukuzwa kwa sababu ya daftari. Bibi yako aliendesha tu, na kwenye taa nyekundu alinipa leso.

Bi Margaret alifungua mlango amevaa ndara za manyoya, akatuambia tuvue mabuti, akatukatia keki kabla hatujasema shida. Nilisema yote nimesimama na soksi tu. Nikasema mimi si raia, nina viza ya mwanafunzi, niliandika jina bila kusoma, na nilipochaguliwa nilijua nimekosea lakini makofi yalinipendeza. Hilo la makofi sikulipanga, lilitoka lenyewe.

Alishika shavu. "Ole wangu, na mimi ndiye niliyekusukumia kalamu!" Karatasi zilikuwa mezani kwake, ndani ya bahasha, zikisubiri tarishi wa saa nane. Mwanangu, nilipoiona ile bahasha haijafungwa, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Nikamwomba achane karatasi. Akakataa katakata, kwa upole uleule. Ina majina ya wengine, akasema, na ikichanwa itaonekana tulikuwa na la kuficha. Akaleta rula. Akachora mstari mmoja mnyoofu juu ya jina langu, ili lisomeke bado, akaandika herufi za jina lake na tarehe pembeni. Kisha akaandika barua kwa mkono, nakala tatu: kwamba nimekuja mwenyewe siku iliyofuata, hakuna aliyeniita wala kuniuliza, nimesema ukweli na kuachia nafasi ya mjumbe. Moja iende na karatasi, moja niipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni, moja niiweke mimi.

Halafu akakumbuka. "Kura yako," akasema. "Kibanda." Akatoa mkono wangu kwenye tisa, wakabaki wanane kwa wanane. Azimio limeanguka. Bibi yako alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Sasa utaganda vizuri," akaniambia. Nikacheka na mimi, machozi yakinitoka, na ile keki ikaanza kuwa na ladha.

Ofisi ya wanafunzi wa kigeni walisoma barua, wakaniuliza maswali machache, wakaiweka kwenye jalada langu na kusema nimefanya lililotakiwa, nirudi darasani. Nirudi darasani! Nilishuka ngazi zile nikizihesabu kama mtoto. Ripoti yangu ya kurasa nane niliiandika yote, na makosa yangu ndani, na mwalimu akaandika pembeni kwamba safari nyingine nikae nyuma.

Baba alichelewa kujibu, maana ilibidi nimwandikie barua ya pili kutengua ya kwanza. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mbuzi wa kukupongeza ameshaliwa, hatuwezi kumrudisha. Nimewaita tena watu wa nyumba zote kumi nikawaeleza kwamba uliacha cheo kisichokuwa chako. Wamekusifu kuliko mara ya kwanza, na wameuliza kama kuna mbuzi mwingine."

Bibi yako aliapa uraia kabla ya kokasi iliyofuata. Akaenda kwenye darasa lile lile, akasoma mistari miwili kwa sauti mbele ya Bi Margaret, akatia saini, akapendekeza kibanda. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na penseli, mikono nimeikalia. Kilipita bila mimi.

Miaka mingi baadaye zamu yangu ya kuomba uraia ikafika. Ofisa alikuwa kijana mpole, akipitia maswali haraka haraka. Alipofika pale, umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, nikasema ndiyo. Kalamu ikasimama. Nikamsogezea barua ya Bi Margaret, mikunjo yake imeshakuwa ya kahawia. Aliisoma mara mbili.

"Ulikwenda mwenyewe?" akauliza.

"Nilipelekwa na Auntie yangu," nikasema. "Alikuwa ametoka kazini."

Akatabasamu, akaiambatanisha, akaendelea na swali linalofuata. Ndivyo ilivyokwisha, mwanangu. Hofu niliyokuwa nimeibeba mgongoni miaka yote ile ilishuka pale kwenye kiti cha plastiki, na nilipotoka nje nilimkuta bibi yako kwenye gari, mzee sasa, redio juu. Aliniangalia uso, akanipa leso.

Basi usikie nikuambie. Huko unakokwenda watakufundisha nadharia za dola, na ni nzuri, zisome. Lakini serikali utakutana nayo kwanza kwenye mistari midogo juu ya karatasi, wakati mtu mwema anakusukumia kalamu na nyuma yako kuna foleni. Soma. Waache waheme. Wakikupigia makofi, jiulize kama kiti ni chako, na kama si chako sema pale pale, hata sauti ikitetemeka. Na utakosea, maana hakuna asiyekosea. Siku hiyo usilalie kosa. Vaa koti uende ukalitaje mwenyewe mapema, na kama miguu inakataa, nipigie simu, nina gari.

Na fomu yako nimemaliza kuisoma. Ukurasa wa pili wameuliza kama anayethibitisha ni ndugu yako wa damu au wa ndoa, wewe umeweka alama kwenye ndiyo. Umenifurahisha, lakini si kweli. Mimi nilikuwa mpangaji wa bibi yako. Nimechora mstari kwa rula, alama yako bado inasomeka, nimeweka alama kwenye hapana, herufi zangu nimeandika pembeni, weka na zako. Moyoni iache kama ulivyoijaza.

Saini hii hapa. Mungu akufungulie milango, mwanangu, na kwenye kila mlango akuwekee mtu kama bibi yako, wa kukuuliza umesaini nini, na wa kukuwashia gari.