Matofali ya Ukingo wa Tanuru

Nyinyi vijana mnaojenga siku hizi, mnaoweka mawe upande wa barabara ili lori zikipita zione, ngojeni kidogo mnisikize. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini tofali nalijua. Na nimechoka kuona chumba cha mzee kikijengwa kwa mabaki.

Nakumbuka mwaka mmoja katika miaka ya sabini, hapa upande wa Matiliku, kanisa letu liliamua kujenga makao ya wazee wasio na mtu. Vyumba vitatu mbele, vitatu nyuma. Wanaume walichonga mawe mlimani. Sisi wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukapewa matofali. Mimi nilikuwa na nguvu na mdomo, wakaniweka kiongozi wa tanuru.

Sasa sikiliza kosa langu, mwanangu, maana sitalipamba. Tanuru yetu ilitaka moto siku nne. Kuni zilipopungua siku ya pili, badala ya kuwatuma watu tena mtoni kukata nyingine, niliziba midomo yake kwa udongo nikasema imetosha. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mimi nilikuwa na kinga moja na kiburi. Tulipoifungua, matofali ya katikati yalikuwa mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Yale ya ukingoni yalikuwa na rangi ya mchanga, na ukiyagonga yananyamaza.

Tungeyarudisha motoni. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaalika wageni wa kuja kufungua nyumba. Akaamua hivi: mawe yakae ukuta wa mbele, matofali mekundu yagawe vyumba, yale mabichi yaende ukuta wa nyuma, plasta itafunika. Nikasema sawa. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Nilisema sawa mwenyewe.

Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa cha Susu Syombua. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyo alikuwa nyanya ya kila mtu, mfinyanzi aliyezeeka akiuza vyungu soko la Mbumbuni. Watoto wake wawili aliwazika. Nyumba yake ililiwa na mchwa, akawa analala jikoni kwa jirani. Chumba kile ndicho alichokuwa amebakiwa nacho duniani. Alikuja kukiona kabla ya plasta. Hakutusalimu. Aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akaukwaruza kwa ukucha, akanitilia lile vumbi kiganjani.

"Mwiitu," akaniita, yaani msichana, ingawa nilikuwa na watoto watatu, "hii haijaiva. Chungu kikinitokea hivi, mimi hukirudisha motoni."

"Susu, kuna plasta."

"Plasta ni nguo. Mimi nauliza mwili."

Hapo ndipo nikasema neno ambalo sijalimeza mpaka leo. "Kwani Susu utakaa humo miaka mingapi? Huo ukuta utakuzika."

Wenzangu wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akatua ndoo chini.

Syombua hakucheka. "Miaka nitakayokaa ni yangu," akasema. "Hata ikiwa miwili, si ya kulowa."

Akahamia, angeenda wapi? Siku ya kufungua, wageni walipapasa mawe ya mbele na kuyasifu. Hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja akaenda, mwenyeji akabaki na tofali bichi.

Mvua ya Novemba ikafika. Hapa kwetu mvua tunaiomba kwa magoti, na ikija haimuulizi mtu. Maji yakateremka mlimani, yakagonga ukuta ule wa nyuma. Plasta ikavimba kama andazi, ufa ukatokea. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, kwa simiti kiganja kimoja, na ukuta nikaujenga vilevile. Maana wiki ya pili, mchana, tukiwa shambani tunapanda, tulisikia kishindo.

Tulimkuta Syombua ameketi juu ya chungu alichokipindua, mvua inampiga. Mkono wake wa kulia, ule wa kufinyangia, ulikuwa umevunjika. Nikainama nimwinue. Akanisukuma kwa wa kushoto.

"Mwiitu, ulisema ukuta utanizika," akasema. "Mimi ndiye nimeuzika."

Mkono ulipona umepinda. Hakufinyanga tena. Nikikumbuka nashikwa na hasira, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi.

Tukajenga upya. Nilisimama mbele ya kamati nikataka mawe ya mbele yang'olewe, yakae nyuma pale maji yanapogonga, kutoka msingi hadi kimo cha magoti. Mwenyekiti akauliza, "Na wageni wataona nini?" Nikamwambia, "Wataona wazee wakavu." Tukachoma tanuru siku nne kamili. Syombua alikaa kando kwenye kigoda, akigonga kila tofali kwa mkono wa kushoto, akisema pita, pita, rudisha hilo. Akatuambia pia tutoe ngazi mlangoni, maana mwenye mkono mmoja hana wa kujishikilia. Hakuna fundi aliyekuwa ameliwaza hilo.

Mwanangu, mzee si mtu wa kupita. Mtu wa kupita ni yule mgeni unayemchongea mawe. Ukimjengea mama yako kachumba nyuma ya choo kwa vipande vya kusazwa, halafu Jumapili uimbe kwaya, usinisalimu njiani. Jiwe liweke mahali maji yanagonga, si mahali macho yanatazama. Tofali lichome mpaka liive, na umuulize atakayelala humo kabla ya kumuuliza fundi. Mungu akupe nyumba isiyovuja na uzee wa kukaliwa kwa heshima.

Mwaka ambao mwanangu mkubwa alileta lori la mawe ajenge kwake, mama ya mume wangu akiwa bado hai, niliwaita wote uani nikawaambia: mawe ya kwanza yaingie msingi wa chumba cha nyanya yenu, mlango wake utazame barabara, na sebule ingojee mpaka nyanya alale chumbani mwake msimu mmoja wa mvua.