Neno "jo" na nafasi yangu darasani

Alhamisi, tarehe 4 Desemba 2008. Tangu asubuhi kunanyesha kitu ambacho si mvua wala si theluji, na saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia.

Leo nimepoteza nafasi yangu darasani. Nataka kuandika ilivyokuwa bila kumwonea mtu.

Chuo chenyewe ni kidogo, ghorofa moja tu kule Sundbyberg. Chumba cha kwanza wanasoma Kipolandi, cha pili Kilatvia, cha mwisho ni sisi wa Kialbania, watu saba. Wenzangu wote wana mume, mke au mkwe wa huko. Mimi nina jirani. Ni bibi wa Kosovo, anayesema Kialbania tu, milango yetu inatazamana hapa Tumba, na ndiye pekee katika jengo zima anayenipigia hodi. Kiswidi hakijui. Mimi niliishia darasa la saba, labda kujiandikisha kulikuwa kiburi. Lakini Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo mtu mzima ananiuliza habari zangu na kungoja jibu.

Sasa hili neno. Nilipoanza kazi ya usafi hapa Sweden, waliniuliza, "Hutaki kahawa?" Nikajibu "nej", hapana ya Kiswidi, kama tunavyojibu kwetu: hapana, si kweli, nataka. Wakaondoa birika. Nilikaa bila kahawa karibu mwezi, mpaka Mkenya mmoja akanicheka: "Dada, utakufa na kiu! Ukiulizwa hutaki, na wewe unataka, sema jo." Nikaishika jo kama dawa.

Leo mwalimu wetu, mtu mpole, alipita na orodha ya Januari. Aliniuliza kwa Kialbania, kama anavyopaswa: "Wewe hutaendelea?" Nilielewa swali zima! Kwa furaha nikajibu kwa sauti, "Jo!"

Kwa Kialbania, jo ni hapana. Nalijua neno hilo tangu somo la kwanza.

"Jo?" akauliza tena.

"Jo, jo!" nikasema, natabasamu.

Akaandika. Baadaye, tukivaa makoti, mwenzangu mmoja akaniambia, "Kumbe unatukimbia?" Ndipo nikashtuka, nikarudi mbio.

Mwalimu alikuwa ameshampigia simu aliyefuata kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi.

"Lakini nilikuuliza mara mbili," alisema. Ni kweli, aliniuliza mara mbili. Nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimpigie tena, nimwambie asije?"

"Ni nani?"

"Msichana mmoja. Anaolewa kiangazi, na mama mkwe hajui Kiswidi hata neno. Anangoja tangu Septemba."

Nilibaki nimeshika kifungo cha koti. Kosa lilikuwa langu, na msichana yule hakukosa lolote.

"Mwache aje," nikasema.

Kwenye treni nilijiuliza kama ule ulikuwa wema au niliogopa tu mtihani wa Januari. Bado sijui. Nyumbani nilimsimulia binti yangu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi kwamba ningesema tu ninachotaka. Labda anasema kweli.

Alikuwa ameshapika alipoona nachelewa. Tulikula makaroni na soseji, na kabichi iliyobaki jana.