Mkate Haufungwi Ukiwa wa Moto

Kazi yangu ya kwanza katika kiwanda cha mikate cha ukoo wetu, hapa Kasulu, ilikuwa kukaa na kusubiri. Babu, aliyetoka Ujiji akajenga tanuri la matofali kwa mikono yake, alinikalisha mbele ya chanja, kile kichaga cha fito tunachopangia mikate ikitoka motoni.

"Weka kiganja chini ya mkate," akasema. "Ukisikia joto, uache. Usipolisikia, ufunge."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilitamani kusimama kwenye tanuri. "Babu, hii nayo ni kazi?"

Akacheka. "Hii ndiyo kazi. Kuoka hata moto unajua."

Mkate mpya una mvuke ndani. Ukiufunga kwenye mfuko kabla haujapoa, mvuke unageuka maji, na baada ya siku mbili unaota kuvu upande wa chini, ambako mnunuzi hatazami. Mikate yetu ilisafiri mbali, kwa hiyo Babu hakuruhusu mzaha katika jambo hilo.

Kutoka kwenye chanja nilihamishiwa kwa Msimamizi wa Unga, Muha mkali wa Buhigwe. Yeye alinifundisha kuumua, yaani kuuacha unga uliotiwa hamira mpaka ujae. Ukiharakisha alikuuliza, "Una safari? Nenda, unga utabaki na mimi." Kisha Baba aliposhika uongozi akanituma Kibondo kufungua tawi. Nilikaa huko miaka mingi, nikaoa huko, na namshukuru Mungu kwa kila mwaka wake. Ramadhani tulioka mapema ili mikate ipoe kabla ya futari. Krismasi tuliwaokea Wakristo skonzi, kwa kanuni ileile. Kila mfuko ulikuwa na jina la Babu, Mzee Mrisho, na madukani watu hawakusema "nipe mkate." Walisema "nipe Mrisho." Jina hilo ndilo lililokuwa mali yetu.

Baba alipofariki nilirudi kuongoza Kasulu, na magoti yaliponishinda nikamkabidhi mwanangu Shabani.

Mwaka huu Mama Nestori alikuja nyumbani kwangu. Ana duka Mabamba, wazazi wake walitoka Burundi, na amekuwa mteja wetu tangu nikiwa Kibondo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nestori. Habari za Mabamba?"

"Habari ndizo hizi." Akafungua kapu. Kila mkate ulikuwa wa kijani upande wa chini.

"Imetoka kwetu?"

"Ego, ndiyo mzee. Jina si hili hapa? Mjukuu wangu alikula mmoja, ametapika siku mbili. Mimi mwenyewe nilimwambia, huyu ni Mrisho, kula."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepata nafuu.

Nilikwenda kiwandani. Chanja lilikuwa limeegeshwa ukutani, juu yake wameanika nguo za kazi. Mikate ilitoka motoni ikaingia moja kwa moja mfukoni, na mifuko ilikuwa imelowa jasho kwa ndani.

"Shabani, nani amekuruhusu?"

"Baba, tulia kwanza. Siku hizi mteja anabonyeza. Akikuta laini na joto, anabeba. Ukipoa anasema wa jana huo."

"Na mtoto aliyetapika?"

"Pole yake. Nitampelekea bibi yake mikate mingine."

"Ya moto?"

Akachukua mfuko mwingine afunge. Nikamwambia, "Chagua. Poza mikate, au ondoa jina la Babu kwenye mifuko."

Nilidhani nimemshika pabaya. Nilitegemea alie, au angalau abishane nami. Akageuza mfuko mkononi, akausoma.

"Jina tu? Sawa, Baba. Naagiza mifuko mingine. Watu wananunua mkate, hawanunui marehemu."

Wiki iliyofuata mifuko mipya ikafika, ina picha ya jogoo. Mikate bado inafungwa ya moto, na bado inauzwa.

Nilikwenda Mabamba mwenyewe kuomba radhi. Mtoto amepona, alhamdulillahi, na Mama Nestori alinipa chai. Sasa ananunua mikate kwingine, na simlaumu.

Ninyi mnaorithi kazi za wazazi wenu, siwaambii mng'ang'anie tanuri la kuni. Nunueni la umeme, badilisheni mnachotaka. Lakini anayekula chakula chako hakuoni ukikipika. Anakuamini tu, na Mungu ndiye anayekuona.

Nina afya kiasi, nina wajukuu, nasali sala zangu tano kwa wakati, na sina madai kwa Mola wangu. Imamu ananisihi nimsamehe Shabani. Kuvu ya Mabamba nimemsamehe. Lile "jina tu" nalibeba kila ninapokwenda kusali, na bado narudi nalo nyumbani.