Nilipunguza Sauti ya Simu

Bado naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, nimekaa chumbani kwangu hapa Bariadi, simu nimeiegemeza kwenye birika, nasoma stashahada ya kilimo kwa mtandao. Nilikuwa nimeshaota mvi, lakini darasani nilikuwa kijana kama wewe, na upumbavu wa ujana ninao.

Mwalimu alipouliza swali, wengi tulizima kamera. Aliyewasha kamera na kujibu ni Nyanzobe tu, binti wa kutoka kijiji cha Mkula, ng'ombe wakilia nyuma yake. "Samahani mwalimu, ng'ombe wa baba nao wamejiunga," alisema siku moja, darasa zima likacheka. Mwalimu akampenda. Mimi niliyelima pamba kabla binti huyo hajazaliwa nilizima kamera, nimenuna, nasubiri akosee.

Jumanne ile tulifundishwa kuhesabu funza wa vitumba, wale wanaokula matunda machanga ya pamba, kabla ya kupiga dawa. Nyanzobe akauliza, "Mwalimu, tunahesabu kwenye mashina yapi?"

Wivu ukanipanda. Swali la kitoto hilo, nikajisemea, nikapunguza sauti ya simu mpaka mwisho. Nilipoipandisha, walikuwa wameshafika mada nyingine.

Mtihani wa vitendo, ambao ndio ulioamua nani ahitimu, ulifanyika shambani Ipililo. Nikahesabu mashina ya kandokando ya njia, kama tulivyozoea nyumbani ili tusikanyage pamba. Nikaona funza wawili, nikasema dawa haihitajiki. Msimamizi akaniingiza katikati ya shamba, akapasua vitumba mbele yangu. Vyote vimeliwa.

"Utarudia mwaka, mzee."

Nyanzobe akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, si niliuliza siku ile? Mwalimu alisema tupite shamba kwa mshazari, kona mpaka kona. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Nikarudia mwaka, yeye akaanza kazi ya afisa kilimo. Siku hizi ndiye anayekuja kukagua shamba la mama yangu, na mama humsifu mbele yangu. Sikufichi, bado inaniuma.

Basi, mwanangu, ukiingia darasa la mtandao usijifiche nyuma ya kamera iliyozimwa. Uliza, hata kama kuku wanapiga kelele. Mwenzako akiuliza, tega sikio zaidi, maana huenda anauliza jambo usilojua kwamba hulijui. Wivu ukikushika, shindana naye kwa maswali, usishindane naye kwa kununa.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, na akupe wenzako werevu kuliko wewe, uwapende mapema kuliko nilivyoweza mimi.