Lema Lililovikwa Mwani

Kusuka malema, ile mitego ya samaki ya fito za mianzi, nilijifunza peke yangu. Nilifungua lema bovu la mjomba, fito baada ya fito, nikalichora kwenye daftari, kisha nikajaribu kusuka langu. La kwanza nililivunja kwa sababu matundu hayakulingana. La pili vilevile. Mjomba, ambaye amekuwa akitega samaki hapa Kinondo tangu kabla sijazaliwa, alinitazama tu. La tatu lilipokamilika aliniruhusu nilitege kando ya malema yake kwa bamvua moja, zile siku chache za maji makubwa.

"Likileta samaki, mahali hapo ni pako. Lisipoleta, unalitoa. Nafasi yenyewe ndogo."

Mianzi mipya ni myeupe, na mle majini lema langu lingeng'aa kama jino. Malema ya mjomba yameota ukijani kwa kukaa baharini miezi mingi, nami miezi hiyo sikuwa nayo. Kwenye simu nilikuwa nimewaona wawindaji wa nchi za mbali wakizungushia bunduki zao matambara ya rangi ya majani, mpaka hujui kichaka ni kipi na bunduki ni ipi. Nikaamua lema langu nalo lisionekane.

Nilikusanya mwani, nikachagua ule laini wa kijani tu, nikaufunga kwa ukindu kishungi kimoja kimoja, vyote vikielekea upande mmoja. Nakiri kwamba nafasi kati ya kishungi na kishungi nilizipima kwa vidole. Mzee mmoja mvuvi alipita, akasimama.

"Kijana, hili lema au biarusi?"

"Lema, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mhimize, maji yanajaa."

Nikalitega, nikarudi nyuma hatua kumi, nikavaa miwani ya kuzamia na kutazama chini. Sikuliona. Nilifurahi hadi nikameza maji.

Kesho yake maji yalipopwa tulikwenda mimi na mjomba. Safari hii nililiona tangu mbali: jeupe, uchi kabisa, ukindu mtupu ukipepea palipokuwa na mwani. Ndani hamna kitu. Mjomba akainama, akavishika vishungi vichache vilivyobaki, akaona jinsi vilivyogugunwa. Akacheka hadi akajishika magoti.

"Hawa ni tafi, mwanangu. Tafi hula nini?"

Kila mtoto wa Kinondo anajua kwamba tafi hula mwani. Mwani ndio chambo tunachowatilia.

"Umewaandalia barazani, wamekula wameshiba. Waingie ndani kutafuta nini?"

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kulibeba lema nyumbani nikalisuke upya. Mjomba akakataa, akasema bamvua bado lina siku mbili. Alinituma ufukweni nikalete yale majani makavu ya bahari yanayorundikana kwenye mchanga, yasiyoliwa na samaki yeyote. Akayatupia juu ya lema ovyo ovyo, akayagandamiza kwa mawe. Nilipoanza kuyapanga mawe akanipiga kofi mkononi.

"Wacha! Nani kakwambia bahari hupanga mawe?"

Mwani wote uliobaki nikautia ndani.

Siku ya mwisho ya bamvua nililiinua kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Tafi watano na pono mmoja mnene walikuwa wakigongana mle ndani. Tafi mmoja akanichoma kwa mwiba wake, mkono mzima ukawaka moto, na bado nilikuwa natabasamu kama mjinga.

Mjomba hakunipongeza. Aliwatia samaki kapuni, akatazama malema yake, kisha akaniambia, "Haya, lirudishe chini. Na hilo langu la pembeni lisogeze kidogo, lako lipate kukaa vizuri."

Nililisogeza lake hatua moja, langu nikalirudisha palepale. Lilikaa mshazari. Nikaliacha hivyo, ingawa sitasema uongo: kabla maji hayajajaa nilirudi mara mbili kulitazama.