Ukuta Uliojengwa kwa Mtindo wa Ngoro

Mvua zilipokatika, jirani yetu wa zamani alinipigia simu kutoka Litembo. "Mwanangu, njoo uone. Ukuta wa bibi yako umefungua mdomo, mbuzi wangu anachungulia mpaka chumbani." Nilicheka naye. Bibi alifariki mwaka juzi, na mdomo ule ninaujua.

Ungepita nyuma ya nyumba ile, ungesimama tu. Kuta tatu zilikuwa kama kuta zote, kila tofali limekalia maungio ya yaliyo chini yake. Ukuta wa nne, unaotazama bondeni, ulikuwa na matofali mawili yamelala, mawili yamesimama, miraba juu ya miraba hadi kwenye paa. Babu alikufa nyumba haijaisha, fundi akaondoka, asirudi. Bibi akaumalizia mwenyewe kwa mtindo ambao mikono yake iliujua, wa ngoro. Kwetu Umatengo nyasi hulazwa shambani kwa miraba, udongo ukapandishwa juu yake, katikati yakabaki mashimo ya kushika maji ya mvua. Waliomcheka aliwajibu, "Shamba langu liko mlimani na haliporomoki. Ukuta uporomoke kwa nini?"

Ulipasuka mvua za kwanza tu.

Basi kila mwaka, kahawa ikishakauka na kabla mawingu hayajarudi, tuliuziba. Tulikuwa wawili tu pale, maana mama yangu alikuwa ameolewa mbali. Nilileta udongo wa kichuguu kwa ndoo, yeye akauchanganya na majivu ya jikoni na kinyesi cha ng'ombe mpaka ukanata. Mimi nilikuwa mfupi, nikaziba chini, yeye juu. "Shindilia, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Mdomo huu tukiuacha utatangaza mambo yetu yote." Jirani, akiwa kwake anachambua kahawa, akaitikia kwa sauti, "Nimeshayasikia!" Tukacheka watatu. Jioni tulikula ugali na usipa, dagaa wa ziwani kutoka Lituhi, na mikono yangu, hata baada ya kunawa, ilinukia majivu.

Safari hii nilikwenda na fundi. Alitazama, akatingisha kichwa. "Aliyejenga hapa, mama, alikuwa amelewa?"

"Ni bibi yangu."

Alivua kofia. "Nisamehe. Pole sana."

Akaingiza kiganja kwenye ufa. Chini ulikuwa mwembamba, juu mkono mzima ulipita. Alinionyesha jinsi ulivyopanda moja kwa moja kwenye maungio, kwa kuwa hapakuwa na tofali la kuukatiza, na jinsi pembe ya nyumba ilivyozama upande wa bonde. Nikamwuliza kama tungeweza kuuziba tu, kama zamani.

"Mlikuwa mnaziba, mama, huku wenyewe unatembea. Ukianguka utavuta na paa. Tuutoe huu, nyumba ibaki."

Nikasema sawa.

Walipoubomoa, udongo wetu wa kuzibia ulitoka vipande vipande, vigumu, tabaka juu ya tabaka. Kipande kimoja cha chini kilikuwa na alama za vidole vya mtoto. Nilikiokota, kikamomonyoka mkononi.

Ukuta mpya ni wa matofali ya saruji. Umenyooka, hauna kasoro, na fundi alifanya kazi yake vizuri. Juzi, kabla ya mvua, nilipanda tena Litembo. Kwa mazoea nikapitia kichuguuni, nikajaza ndoo, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikasimama pale nayo. Hapakuwa na pa kuziba.

Jirani, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliniona kutoka kwake. Hakupaza sauti kama zamani. Alikuja taratibu mpaka karibu, akautazama ukuta, akaitazama ndoo.

"Siku hizi," akasema, "sisikii kitu kutoka kwenu."

Nikamwaga udongo chini ya ukuta, nikausawazisha kwa mguu.