Bunduki ya Mtu Asiye na Gumba

Kwa miaka ishirini na mbili Enos Pruitt aliwaambia wachunga ng'ombe wapya neno lilelile: kidole gumba juu. Ukishamnasa ng'ombe kwa kitanzi, unaizungusha kamba kwenye pembe ya tandiko, kile kigingi cha mbele, mara mbili, na gumba lako linatazama mbinguni muda wote. Watu wa Texas huifunga kamba kwenye tandiko kabisa kabla hawajaitupa, na sisi wa upande huu wa Oregon huwacheka kwa hilo, tunasema ni mambo ya watu wasioiamini mikono yao. Basi Machi ya mwaka 1891, mtamba mmoja mwekundu, wala si mkubwa, aliivuta kamba kabla mzunguko wa pili haujakamilika, na gumba la kulia la mwalimu wa magumba lilikuwa linatazama chini. Kamba ililibana kwenye pembe, likakatika, likaanguka kwenye theluji. Enos alisimama akilitazama kama la mtu mwingine.

Jeraha lilifunga, lakini mtu hakufunguka. Alianza kula kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauweka mfukoni, mezani, kanisani, hata mbele ya mkewe Malvina. Malvina alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi, na aliona ni heri kumpa muda.

Kamba ilikuwa imemshinda, hilo kila mtu alilijua. Kazi moja tu ndiyo iliyombakia: kambi ya farasi kule juu mlimani, ambako mtu mmoja hukaa peke yake majira yote ya joto na farasi majike na watoto wao. Enos aliitaka kazi hiyo mpaka akawa anaiota. Harlan Teague, mwenye ranchi, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kusema bila kuficha.

"Simba wa mlimani alinilia watoto wa farasi sita mwaka jana," alimwambia. "Nikupeleke wewe, utamfukuza kwa kofia? Jumamosi nitakuwa mjini. Kabla sijala chakula cha mchana, nionyeshe unaweza kupiga bunduki mara tano bila kuhangaika. Ukishindwa, mpishi anataka mtu wa kumenya viazi, na hakuna aibu."

Mtu akikwambia hakuna aibu, ujue ameshaiona.

Bastola yake ya namba arobaini na nne ilikuwa haina faida tena, kwa sababu nyundo ya bastola ile huvutwa kwa gumba. Ilibaki mkanda wa risasi arobaini, zote kazi ya Malvina. Miaka kumi alikuwa akiziunda mezani jikoni: anayeyusha madini ya risasi kwenye kijungu, anaimimina kwenye kalibu, anajaza baruti, anasukumiza kichwa ndani ya ganda, kisha anapaka mafuta ya ng'ombe kwa gumba lake, moja moja, kama anayempaka mtoto. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na hakuna risasi yake iliyowahi kugoma.

Jumamosi wakashuka mjini kwa gari la farasi. Malvina akabaki garini na kufuma kwake. Enos akaingia dukani kwa Lindqvist, Mswidi mmoja mrefu aliyependa bidhaa zake kuliko wateja.

Lindqvist akampa kwanza bunduki wanayoipenda watu wote, ile yenye pete ya chuma chini ya kifyatulio, ambayo mkono wa kulia huishusha na kuipandisha. Enos akautoa mkono mfukoni. Akaishusha pete, na kitako kikamtoka begani. Akajaribu tena, kikamtoka tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vinne bila gumba navyo vinahangaika.

"Chukua ya risasi moja moja," Lindqvist akasema. "Nyepesi, rahisi."

"Na nikimkosa simba?"

"Basi utamwomba akusubiri."

Enos hakucheka. Lindqvist akautazama ule mkono, akaona haya, akaingia nyuma. Akarudi na bunduki mbili ambazo hazikuwa na pete yoyote.

"Hizi watu wa huku wanazicheka," akasema. "Wanasema ni kama kusukasuka maziwa. Shika hicho kibao chini ya mtutu. Hapana, kwa kushoto. Kivute. Sasa kisukume."

Enos akavuta. Mlango wa chuma ukafunguka wenyewe mbele ya macho yake. Akasukuma, ukafunga kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Kitako hakikutikisika begani. Akarudia, mara tatu, mara nne, polepole, kisha haraka. Mkono wa kulia haukuwa na kazi ila kutulia na kidole kimoja kwenye kifyatulio. Kazi yote ilikuwa ya kushoto, mkono ambao kwa miaka arobaini na sita hakuutilia maanani. Enos aliduwaa. Mahali fulani mbali, mtu asiyemjua alikuwa amekaa akafikiri kitu kilichomfaa yeye hasa, na kikaja mpaka Oregon kumngojea vumbini.

"Chukua hii nene," Lindqvist akamwambia. "Risasi zake ndefu, inaangusha paa mkubwa ng'ambo ya bonde. Hiyo nyingine inakula risasi za bastola tu. Ndogo hizo, mzee."

"Namba ngapi?"

"Arobaini na nne."

Enos akaufungua mkanda wake, akaulaza juu ya meza. "Yule simba sijawahi kumwona mbali zaidi ya ile nguzo ya farasi," akasema. "Na hizi najua nani kazitengeneza. Nipe nyembamba."

Nyuma ya duka Teague alishapanga makopo matano ya nyanya juu ya ua. Malvina akasogea na uzi wake mkononi. Enos akatia risasi tano, zikazama moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Akapiga. Kopo la kwanza likaruka. Akavuta kibao, kikakwama katikati. Akasukuma, hakikwenda. Akakitikisa huku jasho likimtoka.

Teague akangoja kwa heshima, kisha akaitazama saa yake. "Basi, Enos. Umejaribu."

"Si bunduki," Lindqvist akasema haraka.

"Sijasema bunduki."

Enos akaurudisha mkono mfukoni. Hapo ndipo Malvina alipomnyang'anya ile bunduki bila kuomba ruhusa, akaitoa risasi iliyokwama kwa pini yake ya kufumia. Akaiinua kwenye jua. Kichwa cha risasi kilikuwa kimezama chote ndani ya ganda. Uso ukamshuka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?" Enos akauliza.

"Kwenye bastola kila moja inalala chumbani kwake. Humu zimelala kitanda kimoja, na springi inazisukuma moja juu ya nyingine. Ya nyuma inagongwa kichwa na ya mbele yake, kichwa kinazama. Mimi sikuzibana shingo za maganda zishike kichwa, maana hazikuwahi kuhitaji." Akamgeukia Lindqvist. "Una koleo ya kubania maganda?"

"Ninayo. Ni mpya."

"Ilete. Na wewe bwana Teague, jua halijafika utosini. Kaa."

Harlan Teague, mwenye ng'ombe elfu nne, akakaa juu ya pipa.

Malvina akaketi kwenye ngazi ya duka, akazibana shingo risasi kumi na tano, moja moja. Hakuharakisha. Enos alimtazama na kustaajabu. Wanaume watatu walikuwa wamesimama na ndevu zao, na mtu aliyeona ni yule aliyezijua risasi kwa ncha za vidole. Miaka kumi alikula mezani pale pale zilipotengenezwa, na hakuwahi kuuliza zinatengenezwaje.

"Tia zote," Malvina akasema.

Lindqvist akalirudisha lile kopo la kwanza juu ya ua, na Enos akatia. Akapiga, akavuta, akasukuma. Kopo. Akapiga tena. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi kana kwamba umeijua kazi hii tangu utoto, na makopo yalianguka kwa zamu, mpaka la mwisho likabingirika kwenye majani. Moshi ukatulia.

"Endelea," Teague akasema, macho yamemtoka. "Zimebaki kumi."

"Ulisema tano, amekupa tano," Malvina akajibu. "Hizo kumi ni za simba."

Teague akasimama, akajipangusa suruali. "Jumatatu upande mlimani, Enos," akasema, akaenda kula.

Garini, njiani kurudi, Enos alizitoa zile kumi azirudishe kwenye mkanda. Akaigeuza moja kwenye mwanga. Katika mafuta yaliyoganda kuzunguka kichwa kulikuwa na alama ya gumba, mistari yake yote inaonekana. Akaitazama ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa nayo.

Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya paja la mkewe, kovu juu. Malvina akashikilia hatamu kwa mkono mmoja. Wa pili akaushusha, akalaza gumba lake pale palipokuwa wazi, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.